Kwanza Nguzo, Ndipo Uvimbe

Feri watu wanaishi kwa migongo yao. Jua halijachomoza, wachukuzi wa soko la samaki la Magogoni wameshahamisha ndoo, matenga na barafu kutoka ukingoni hadi kwenye vizimba. Ukipanda mwendokasi pale Kivukoni, mwendo si mrefu utashuka Gerezani na kuwakuta wenzao wa Kariakoo wakipita katikati ya umati, robota kichwani au gunia begani, wakipaza sauti wapishwe. Katika maeneo kama haya mtu akisema mgongo unamuuma hakuna anayeshtuka. Ataambiwa apumzike, achuliwe, ameze vidonge. Mara nyingi ushauri huo unatosha, maana maumivu mengi ya mgongo hupoa yenyewe baada ya wiki chache.

Yapo maumivu mengine yasiyojali kama umebeba au umepumzika. Hayo huzidi usiku, mtu akiwa amelala, saa ambayo mgongo ungepaswa kupata nafuu. Yanang'ang'ania pale pale, mwezi hadi mwezi. Kisha miguu inakuwa mizito, ndala inachomoka mguuni na mwenyewe hana habari, na mwishowe hata haja ndogo inagoma. Kwa wachache kati ya watu hao chanzo ni uvimbe uliojijenga ndani ya pingili ya uti wa mgongo na kuula mfupa toka ndani, mpaka lililobaki ni ganda tu.

Ninaotaka kuwasifu ni madaktari wanaoutoa uvimbe huo, hasa wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Upanga. Habari zikiandikwa juu ya kazi yao, kinachohesabiwa ni saa: upasuaji umechukua saa nane, umechukua saa kumi. Mimi kinachonivuta ni mpangilio wake, kipi kitangulie na kipi kisubiri. Hatua zile zile, zikifanywa na mikono ile ile yenye ustadi lakini zikapishana zamu, zinaweza kumwacha mgonjwa amepooza maisha yake yote.

Kinachotangulia vyote ni kujua uvimbe huo ni kitu gani, na hapa kwetu swali hilo lina uzito wake kwa sababu ya kifua kikuu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779, bado tunacho Tanzania, na kinafanya karibu yote yanayofanywa na uvimbe: kinakula mfupa, kinaleta kibiongo, kinalegeza miguu. Tiba yake kubwa ni vidonge vya miezi mingi. Mwenye uvimbe akipewa dawa za TB kwa kubahatisha, miezi inapita huku pingili ikizidi kuliwa. Na mwenye TB akikimbiziwa kisu, huenda amepasuliwa bure wakati vidonge vingemponya.

Eksirei ya kawaida tu ina mengi ya kumwambia anayejua kuitazama. TB hupenda kuanzia ukingoni mwa pingili na kuivamia diski iliyo kati ya pingili na jirani yake, hivyo nafasi ya diski husinyaa. Uvimbe kwa kawaida huziacha diski: pingili imebomoka, lakini diski ya juu na ya chini zimesimama. Halafu kuna macho. Picha ikipigwa kwa mbele, kila pingili huonyesha vivuli viwili vya mviringo, kushoto na kulia. Hivyo ni vishikizo viwili vya mfupa vinavyounganisha mwili wa pingili na sehemu yake ya nyuma. Uvimbe ukikila kishikizo kimoja, kivuli chake hutoweka na pingili hubaki na jicho moja. Madaktari dunia nzima huiita dalili hiyo bundi anayekonyeza. Anayejifunza anaweza kuikodolea macho picha hiyo na asione tatizo lolote, kwa sababu anatafuta kitu kilichoongezeka, kumbe ugonjwa umejionyesha kwa kitu kilichoondoka.

CT itaonyesha mfupa uliobaki. MRI itaonyesha ugwe mgongo, ule mkanda wa mishipa ya fahamu unaopita ndani ya pingili, umebanwa kiasi gani. Hata hapo jina la ugonjwa bado halijapatikana, inabidi mgonjwa akatwe kinyama. Sindano ndefu hupitishwa mgongoni, ikiongozwa na picha, hadi ndani ya pingili, na kipande kidogo hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Njia ya sindano nayo haichaguliwi ovyo. Chembe za uvimbe zinaweza kubaki kwenye kijia hicho, na siku ya upasuaji mkubwa daktari anaweza kutaka kukiondoa chote pamoja na uvimbe. Kwa hiyo anayechoma sindano na atakayeshika kisu wanapaswa kukaa pamoja mapema, na mazungumzo yao nayahesabu kuwa ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Majibu yanayorudi ni ya namna nyingi. Mara nyingi uvimbe wa kwenye pingili umesafiri kutoka kwingine, kwa wanaume tezi dume, kwa wanawake matiti. Uvimbe uliozaliwa kwenye mfupa wa mgongo penyewe ni adimu. Upo uvimbe wa seli kubwa, unaowapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40. Kwa kawaida hauhesabiwi kuwa saratani, lakini hula mfupa kwa pupa. Upo uvimbe wa mifuko ya damu, uliotambulishwa na Henry Jaffe na Louis Lichtenstein mwaka 1942, ambao wengi wa wagonjwa wake hawajafika miaka 20. Ipo plasmasitoma, inayotokana na seli za damu, na ipo kodoma, inayoota kutoka kwenye mabaki ya ule uti wa awali tuliokuwa nao tumboni mwa mama.

Kila jina lina zamu yake. Plasmasitoma hunywea kwa mionzi, hivyo kisu hakitangulii isipokuwa mfupa unatishia kuanguka au ugwe umeshabanwa. Uvimbe wa seli kubwa siku hizi una sindano yake, denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo mwaka 2013, inayoufanya uvimbe ukakamae kabla ya upasuaji. Mtoto ambaye pingili yake imebonyea kwa ugonjwa wa seli za Langerhans mara nyingi huangaliwa tu, na pingili hujijenga upya kadiri anavyokua. Na hemangioma, fundo la mishipa ya damu ndani ya mfupa, hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi, na karibu wote huzeeka nayo bila kujua. Bingwa anayetazama picha ya namna hiyo na kumwambia mgonjwa, "Mama, hii tuiache," namheshimu sawasawa na yule aliyesimama mezani kutwa nzima.

Sasa kuhusu nyumba yao. MOI iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na katika uasisi wake hutajwa sana Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa aliyepata kuwa Waziri wa Afya na baadaye Waziri wa Ulinzi. Taasisi hiyo iliweka mifupa, ajali na mishipa ya fahamu chini ya paa moja. Kwa ugonjwa huu uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa. Pingili ni mfupa, kilichomo ndani yake ni mishipa ya fahamu, na katika hospitali nyingi duniani vitu hivyo viwili vina idara mbili zisizokutana kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na mgonjwa aliyepata bahati alipewa rufaa ya India. Idadi imekua kwa kufundishana mezani. Tangu 2008 Dk. Roger Härtl wa Weill Cornell, New York, na wenzake wamekuwa wakija, kwanza Bugando kule Mwanza kisha MOI, wakipasua bega kwa bega na wenyeji. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinasomesha mabingwa wake. Wageni hupanda ndege wakarudi kwao, na mwenyeji ndiye anayebaki na mgonjwa usiku, kwa hiyo sifa yangu kubwa iko kwake.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuwafukia watu waliokuwa kwenye shughuli zao. Tangu siku hiyo hakuna wa eneo lile anayehitaji kuelezwa kazi ya nguzo. Pingili iliyoliwa na uvimbe ni nguzo mbovu ndani ya jengo lenye mtu: huwezi kuiacha, na huwezi kuiondoa kabla hujaweka mhimili mwingine wa kubeba ghorofa za juu. Upasuaji wote hufuata sheria hiyo moja.

Mgonjwa akishalala usingizi wa dawa hugeuzwa kifudifudi, na mito hupangwa chini ya kifua na nyonga ili tumbo libaki linaning'inia. Anayepita anaweza kudhani ni suala la starehe. Tumbo likibanwa, damu ya mishipa mikubwa hurudi nyuma na kujaza vimishipa vilivyozunguka ugwe, na kila mkato utakaofanywa baadaye utavuja zaidi. Yaani kiasi cha damu atakayopoteza mgonjwa kimeanza kuamuliwa kabla kisu hakijaguswa.

Kisha wanahesabu. Tuna pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na zile za katikati ya kifua zinafanana kiasi kwamba ukishafungua ngozi na misuli huwezi kuzitofautisha kwa kuziangalia. Tena wapo watu waliozaliwa na pingili ya ziada. Hesabu huanzia chini, kwenye nyonga, chini ya eksirei ya kusukumwa, na inapowezekana hurudiwa kutoka juu, na mtu zaidi ya mmoja hutamka namba kwa sauti. Kupasua pingili ya jirani yenye afya ni kosa ambalo limewahi kuwapata mabingwa wakubwa duniani, na dawa yake ni hiyo hesabu ya kuchosha.

Nguzo mpya huanza kwa skrubu. Raymond Roy-Camille wa Paris alianza mwaka 1963 kupitisha skrubu kwenye vile vishikizo, yale macho ya bundi, mpaka ndani ya mwili wa pingili. Katikati ya kifua kishikizo kinaweza kuwa na upana wa milimita 5 au pungufu. Upande mmoja wa ukuta wake ni ugwe, upande mwingine ni kuelekea mapafu. Daktari hatobo kwa nguvu. Anasukuma kijiti cha chuma polepole akikizungusha, na mfupa laini wa ndani humpa mkwaruzo wa taratibu mkononi, usiokatika. Mkwaruzo ukikatika ghafla na kijiti kikazama, ukuta umetobolewa. Akishafika anakitoa, anaingiza waya mwembamba wenye kidonge nchani, na kwa waya huo anapapasa kuta tano za tundu: kitako, juu, chini, ndani, nje. Haoni kitu. Macho yake mara nyingi yako pembeni kabisa, kwani kinachofanya kazi saa hiyo ni ncha za vidole. Kuta zote tano zikiwa nzima, skrubu inaingia. Halafu tundu linalofuata, kwa utaratibu ule ule, pingili mbili au zaidi juu ya ile mbovu na nyingine chini yake.

Skrubu za upande mmoja zikishakaa, fimbo ya titani hufungwa upande huo. Hapo tu ndipo wanaruhusiwa kubomoa, kwa kufanya kazi upande wa pili. Wakimaliza huko, fimbo nyingine hufungwa, ya kwanza hufunguliwa, wanahamia upande wake. Kwa saa zote hizo mgongo haukosi wa kuubeba hata dakika moja. Sijui kazi nyingine ya mikono ninayoiheshimu kama hii ya kubadilishana zamu kwa fimbo mbili.

Kuutoa uvimbe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuukwangua vipande vipande kwa vijiko vya chuma na keekee ya kasi yenye kichwa cha almasi, ambayo inatosha kwa uvimbe mwingi usio saratani. Ya pili ni kuutoa mzima, pingili na vyote, bila kuupasua, kwa sababu kodoma au uvimbe wa seli kubwa uliokomaa ukimwagika jerahani hurudi. Bertil Stener wa Gothenburg, Sweden, alikuwa wa mwanzo kuitoa pingili nzima namna hiyo, mwaka 1968. Katsuro Tomita wa Kanazawa, Japani, akaja na msumeno wa waya ambao unene wake haufiki milimita moja, unaopitishwa kwenye kishikizo na kuvutwa huku na huku mpaka ukate mfupa bila kuukwaruza ugwe. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani na wa Bologna, Italia, walikubaliana kuigawa pingili sehemu 12 kama uso wa saa, ili kabla ya yote wajue uvimbe umekaa saa ngapi hadi saa ngapi, na je, kuna pengo la kuutoa ugwe salama. Ugwe wenyewe hausukumwi wala hauvutwi. Unene wake ni kama wa kidole kidogo, na kila kitu kinachoondolewa hupitishwa pembeni yake. Upande wa kushoto, mara nyingi kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua, hupita mshipa wa damu wa Adamkiewicz, unaolisha sehemu ya chini ya ugwe. Ukikatwa kwa bahati mbaya, miguu inaweza kufa ingawa ugwe haukuguswa.

Damu ndiyo inayotisha. Uvimbe wa mifuko ya damu na hemangioma kali zinaweza kumwaga lita kadhaa. Hapa pia kuna kitu cha kutangulia: siku moja au mbili kabla, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena na kupandishwa hadi mishipa inayoulisha uvimbe, nayo huzibwa. Fani hiyo ya kutibu kwa mirija ilianza kufundishwa Muhimbili kwa msaada wa mradi wa Road2IR, ambao timu zake zilianza kuja 2018, na wahitimu wa kwanza walitoka 2021. Panapokosekana huduma hiyo, ndugu huitwa kuchangia damu, chupa zikiwa tayari kabla mgonjwa hajaingizwa chumbani.

Kuna mpangilio mmoja unaoharibika bila kosa la daktari yeyote. Vyuma hivi hununuliwa nje na bei yake ni kubwa, na mara nyingi ukoo hukaa ukichangishana huku mgonjwa kitandani anapoteza nguvu za miguu siku baada ya siku. Aliyeingia hospitalini anatembea, akapasuliwa baada ya miguu kufa, amefanyiwa kazi ile ile kwa faida ndogo. Naamini kabisa kwamba vyuma vya mgongo vinapaswa kuwa stoo kabla mgonjwa hajafika, kama damu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kwa wagonjwa hawa hapo ndipo itakapopimwa.

Mezani, ugwe ukiwa umeachwa huru, panabaki pengo mahali pingili ilipokuwa. Wanalijaza kwa kizimba cha titani kilichoshindiliwa vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe, wa mbavu au wa nyonga, kisha fimbo hukazwa kidogo ili kizimba kibanwe na pingili za juu na chini. Je, ugwe umesalimika? Zipo mashine zinazofuatilia mawimbi ya fahamu wakati wote wa upasuaji. Mahali zisipokuwepo bado kuna njia iliyoelezwa na Pierre Stagnara na wenzake wa Lyon mwaka 1973: mtaalamu wa usingizi hupunguza dawa mpaka mgonjwa asikie, katikati ya upasuaji, jeraha likiwa wazi. "Mama Salma, kunja mkono. Haya, sasa chezesha vidole vya miguu." Mtu mmoja amepiga magoti chini ya shuka za kijani akiangalia vidole hivyo. Vikicheza, anasema tu vimecheza, dawa hurudishwa, na wengi hawakumbuki chochote wakiamka.

Kesho yake wodini kazi inaendelea kwa maneno machache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sukuma mkono wangu kwa mguu. Zaidi. Mguu wa pili."

Daktari huandika namba, 0 mpaka 5, kwa kila msuli: paja, goti, kifundo, kidole gumba. Sista ataziangalia namba hizo usiku, na mguu uliokuwa 4 ukishuka kuwa 3 lazima daktari aamshwe, maana damu inaweza kuwa imekusanyika na kuubana ugwe upya.

Wanaohitaji mionzi huvuka mji kwenda Ocean Road, hospitali ya baharini iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, hatua chache kupita Ikulu ukitokea Feri; hospitali hiyo nayo ilifanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka ule ule wa 1996. Hawaendi mara moja. Jeraha hupewa wiki mbili tatu lifunge, kwa sababu ngozi iliyopigwa mionzi ikiwa mbichi inaweza kufumuka na kuviacha vyuma wazi.

Baada ya hapo ni kliniki. Kwenye eksirei ya miezi ya mwanzo daktari anatafuta mstari mweusi unaoizunguka skrubu, dalili kwamba imelegea, na anatafuta kama mfupa uliopandikizwa umeshikana juu na chini. Titani inapinda na kunyooka kila mara mtu anapoinama; mfupa usiposhikana, siku moja fimbo itakatika. Uvimbe wa seli kubwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka michache ya mwanzo, kwa hiyo MRI hurudiwa hata kwa mgonjwa anayepanda ngazi mwenyewe na kuona anapotezewa muda. Likionekana doa jipya kando ya kizimba, linaweza kuwa uvimbe, linaweza kuwa kovu, na hata TB haijafutwa kwenye orodha. Daktari anamweleza mgonjwa hivyo hivyo, kisha anaandika karatasi ya kukatwa kinyama.